Mbio za Nusu ya Marathoni

Kila mwaka, mwishoni mwa mwezi wa Februari au katika siku za kwanza za mwezi wa Machi, mji wa Moshi hupokea maelfu ya watu wanaokuja kukimbia. Hutoka pande zote za Tanzania, wengine Kenya, na wengine ng'ambo ya bahari. Mbio hizo za Kilimanjaro, kwa namna zilivyo sasa, zilianza mwaka 2003. Ziko mbio za marathoni kamili, ziko mbio za nusu ya marathoni, na ziko mbio fupi za kilometa 5 kwa watu wanaotaka kujifurahisha tu.

Katika umati ule yumo mtu wa namna ya peke yake. Si bingwa wa dunia, wala si mtu aliyeanza kukimbia mwezi uliopita. Pengine ni mwalimu, au fundi, au askari, au mkulima, ambaye kwa miaka mingi amekimbia kilometa mia na zaidi kila juma. Watu humtazama, wakasema, "Huyu, kilometa ishirini na moja kwake ni mchezo." Lakini wanakosea. Mtu huyu aweza kushindwa siku ile na mwingine aliyejizoeza nusu yake tu; tena aweza kurudi nyumbani akichechemea, asikimbie tena kwa miezi mitatu. Somo hili laeleza jinsi wingi wa mazoezi unavyompa mtu nguvu, na kwa nini nguvu hiyo haimfai kitu asipojua kuizuia.

1. ASILI NA UREFU WA MBIO

Marathoni ni jina la mahali katika nchi ya Uyunani. Mwaka 490 kabla ya Kristo watu wa Athene waliwashinda Waajemi mahali hapo, na hadithi ya kale husema kwamba tarishi mmoja alikimbia mpaka Athene kupeleka habari ya ushindi, akaitoa, kisha akaanguka akafa. Michezo ya Olimpiki ilipofufuliwa huko Athene mwaka 1896, mbio za kukumbuka habari hiyo ziliwekwa, na aliyeshinda alikuwa Myunani aitwaye Spyridon Louis, mchukuzi wa maji.

Urefu wa mbio hizo haukuwa mmoja siku zote. Katika michezo ya London ya mwaka 1908 ulikuwa kilometa 42 na mita 195, na mwaka 1921 urefu huo ukafanywa kuwa kanuni. Nusu yake, basi, ni kilometa 21 na mita 97 na nusu.

Mtu mwenye afya akiutembea mwendo huo kwa miguu, bila kukimbia, hutumia saa nne na zaidi. Lakini mwezi wa Novemba mwaka 2021, katika mji wa Lisbon, Jacob Kiplimo wa Uganda, aliyekulia katika milima ya Elgon, aliumaliza kwa dakika 57 na sekunde 31, akavunja rekodi ya dunia iliyokuwapo. Yaani kila kilometa aliikimbia kwa muda usiofika dakika 2 na sekunde 45. Mtu wa kawaida hawezi kukimbia upesi namna hiyo hata kilometa moja.

2. JUMA MOJA LA MKIMBIAJI

Huu ni mfano wa juma moja la mtu mzima aliyezoea mwendo mwingi. Jumatatu hukimbia kilometa 14 asubuhi na 8 jioni. Jumanne hukimbia 20 asubuhi, na katika hizo 10 huzikimbia kwa haraka. Jioni huongeza 8. Jumatano ni 20 na 10. Alhamisi ni 16 na 10. Ijumaa ni 22 kwa mara moja, na katika hizo 10 ni za haraka. Jumamosi ni siku ya mwendo mrefu, kilometa 32, na 12 za mwisho huzikimbia kwa nguvu. Jumapili hupumzika.

Mwanafunzi akijumlisha hesabu hiyo ataona kwamba ni kilometa 160. Huo ni kama mwendo wa kutoka Moshi kwenda Arusha na kurudi. Tena ataona jambo la pili, ambalo ni kubwa kuliko la kwanza. Kilometa za haraka ni 32 tu, yaani sehemu moja katika tano. Sehemu nne zilizosalia mkimbiaji huzikimbia polepole, kiasi cha kuweza kuzungumza na mwenzake bila kutweta.

Jambo hili huwashangaza watu. Wao hudhani kwamba mtu atakaye kuwa mwepesi sharti akimbie upesi kila siku. Sivyo. Akikimbia upesi kila siku, mwili haupati nafasi ya kujijenga, na baada ya majuma machache huchoka kabisa. Mwendo wa polepole ndio unaomwezesha kukimbia kesho tena, na kesho kutwa, na mwezi ujao. Papo kwa papo kamba hukata jiwe.

Hesabu hiyo si kwa watoto. Mifupa ya mtoto ingali ikikua, na mzigo wa namna hiyo utamdhuru. Mtoto acheze mpira, akimbie mbio fupi na mbio za nyika pamoja na wenzake, apumzike akichoka. Mambo ya kilometa mia kwa juma yangoje miaka ya utu uzima. Hata mtu mzima hafiki hapo kwa mwaka mmoja.

3. MABADILIKO NDANI YA MWILI

Mtu akiuliza mwendo huo wote una faida gani, jibu lake limo ndani ya mwili, mahali pasipoonekana.

Kwanza ni moyo. Moyo ni msuli, na kama misuli mingine hupata nguvu kwa kazi. Moyo wa mkimbiaji hupanuka, ukawa na uwezo wa kusukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja. Ndiyo sababu, akiwa amelala au ameketi kimya, moyo wake hupiga mara chache. Moyo wa mtu wa kawaida aliyepumzika mara nyingi hupiga kati ya mara 60 na 80 kwa dakika. Wa mkimbiaji wa masafa marefu waweza kupiga mara 50, au hata pungufu yake.

Pili ni damu na mishipa. Kiasi cha damu mwilini huongezeka. Mishipa iliyo myembamba kuliko unywele huchipuka na kuenea kati ya nyuzi za misuli, kama vile mifereji mipya inavyochimbwa katika shamba ili maji yafike kila tuta. Kwa njia hiyo oksijeni, ile sehemu ya hewa ambayo mwili huitumia, hufika kwa wingi inapotakiwa. Wakimbiaji wengine huenda kujizoeza mahali pa juu, kama vile Iten nchini Kenya, ulio mita 2,400 hivi juu ya bahari. Kule hewa ni nyepesi, na mwili hulazimika kutengeneza chembe nyekundu za damu zaidi ili kuchukua oksijeni ile iliyo haba.

Tatu ni misuli yenyewe. Ndani ya kila uzi wa msuli mna vitu vidogo sana, visivyoonekana ila kwa hadubini yenye nguvu, ambavyo kazi yake ni kama kazi ya meko. Huko chakula huchomwa kwa msaada wa oksijeni, na nguvu ikatoka. Mtu anayekimbia sana, meko hayo huongezeka kwa hesabu na kwa ukubwa.

Kuni za meko hayo ni za namna mbili: sukari na mafuta. Sukari, itokayo katika vyakula vya wanga kama ugali, wali, ndizi na viazi, huwaka upesi kama majani makavu. Lakini akiba yake mwilini, katika misuli na katika ini, ni ndogo, kama nusu kilo tu. Mafuta huwaka polepole kama gogo, wala hayaishi upesi. Hata mtu mwembamba anayo ya kumtosha siku nyingi. Mkimbiaji aliyezoea mwendo mwingi huweza kuchoma mafuta zaidi katika mwendo ule ule ambao mwingine huchoma sukari. Basi huitunza sukari yake mpaka kilometa za mwisho, wakati wengine wamekwisha kuitumia.

4. HATARI YA WINGI

Lakini viungo vya mwili havijifunzi kwa mwendo mmoja. Moyo na damu hujifunza upesi, kwa majuma machache. Misuli nayo hufuata. Mifupa na kano ni wanafunzi wazito: hutaka miezi mingi. Hapo ndipo hatari ilipo. Mkimbiaji huona pumzi yake ni nzuri, na moyo wake una nguvu, akadhani mwili wote uko tayari. Kumbe miguu bado.

Mtu hupiga hatua 800 hivi kwa kila kilometa. Kwa kilometa 160 ni hatua 128,000, na kila hatua mguu mmoja hupokea kishindo kilicho mara mbili au mara tatu ya uzito wa mwili wote. Kishindo hicho huumega mfupa kidogo kidogo, nao mwili huutengeneza tena wakati wa kupumzika, ukawa na nguvu kuliko kwanza. Hivyo ndivyo mfupa unavyoimarika. Lakini kama kumegeka kukizidi kutengenezwa, ufa mdogo hutokea, mara nyingi katika mfupa wa muundi au katika mifupa ya wayo. Mtu asipouangalia huzidi, mpaka siku moja mfupa ukavunjika.

Kwa sababu hiyo wakimbiaji wengi hufuata kanuni ya kuongeza mwendo kidogo kidogo, kama sehemu moja katika kumi kwa juma, na baada ya majuma matatu au manne kuupunguza ili mwili upumue. Tena hulala usingizi wa kutosha na kula chakula cha kutosha. Wako wakimbiaji, hasa vijana, wanaojinyima chakula ili wawe wepesi. Hao hujidanganya. Mwili usiopata chakula huidhoofisha mifupa yake wenyewe, na wepesi wa miezi michache hulipwa kwa kuvunjika.

5. MAJUMA MAWILI YA MWISHO

Kazi iliyo ngumu kuliko zote kwa mtu aliyezoea mwendo mwingi ni kupumzika. Majuma mawili kabla ya mbio inampasa apunguze mwendo wake karibu nusu. Hukimbia siku zile zile, na mara chache hukimbia upesi kidogo ili miguu isisahau, lakini kila mwendo huwa mfupi.

Hapo moyo wake huanza kumsumbua. Huona miguu mizito, ingawa hajafanya kazi kubwa. Huota ndoto ya kushindwa. Hujiambia, "Nguvu zangu zinapotea, afadhali nikimbie kilometa 30 nihakikishe." Akifanya hivyo huharibu kazi ya miezi. Nguvu zilizojengwa kwa miezi mingi hazipotei kwa majuma mawili. Ila uchovu uliofichwa ndani ya misuli ndio unaotoka, na akiba ya sukari ndiyo inayojaa. Mkulima akiisha kupanda hafukui mbegu kila asubuhi apate kutazama kama zimeota.

Siku mbili za mwisho hula zaidi vyakula vya wanga alivyovizoea nyumbani. Hali chakula kigeni, wala havai viatu vipya siku ya mbio. Kwa maana tumbo lililovurugika na malengelenge ya miguu yamewashinda watu wengi kuliko wakimbiaji wenzao. Asubuhi ya mbio huamka mapema, akala kidogo, kama mkate na ndizi na chai, saa mbili au tatu kabla ya kuanza.

6. SIKU YA MBIO

Mbio za Moshi huanza na kumalizikia katika uwanja wa chuo cha ushirika. Njia ya nusu ya marathoni ikiisha kutoka mjini huelekea Mweka, upande wa kusini wa mlima, kati ya migomba na mibuni. Hupanda kwa muda mrefu sana, kisha hugeuka na kuteremka kurudi mjini. Mlima wenyewe, wenye kimo cha mita 5,895, huonekana mbele asubuhi kama mawingu hayajaufunika.

Baragumu ikilia, umati hutoka kwa kishindo. Watu wameburudika, hewa ya asubuhi ni ya baridi kidogo, ngoma zinapigwa, na watazamaji wanapiga makofi. Wakati huo miguu ya mkimbiaji aliyepumzika ni miepesi kama ya paa, na mwendo wa haraka humwonekea kuwa rahisi. Huo ndio mtego. Walio mbele yake ni watu ambao anajua hawakujizoeza kama yeye, na kiburi humwambia awapite mara moja.

Hesabu ndogo yaonyesha hasara yake. Mtu atakaye kukimbia kila kilometa kwa dakika 4, katika njia iliyo sawa, atamaliza nusu ya marathoni kwa saa 1, dakika 24 na sekunde 23. Tuseme katika kilometa 5 za kwanza akavutwa na umati, akakimbia kila moja kwa dakika 3 na sekunde 40. Amepata faida ya sekunde 100. Katika kilometa zinazofuata akarudia dakika 4. Lakini sukari imekwisha kuchomwa kwa wingi, na misuli imechafuka. Basi katika kilometa 8 za mwisho hawezi tena, akakimbia kila moja kwa dakika 4 na sekunde 20. Amepoteza sekunde 160. Kwa hiyo, ingawa alitangulia kwa sekunde 100, atachelewa kufika kwa dakika nzima. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Katika njia yenye mlima jambo hilo huzidi. Mwenye akili hatazami saa anapopanda Mweka. Husikiliza pumzi zake. Akisikia anatweta mapema, hufupisha hatua, hutazama mbele, akaacha wengine wampite. Hupanda kwa nguvu ile ile aliyoitumia mahali pa sawa, ingawa mwendo umepungua. Hapo mazoezi yake ya polepole humsaidia kwa namna ya pili: amekwisha kuzoea kuwaacha watu wampite asikasirike.

Wapo wanaodhani kwamba wakifika juu kazi imekwisha, kwa kuwa kilichobaki ni mteremko. Lakini mteremko huumiza misuli kuliko mwinuko. Mtu akipanda, misuli ya mapaja hufupika ikimsukuma juu. Akishuka, misuli ile ile hujikaza ili kumzuia asianguke mbele, na papo hapo hurefushwa na uzito wa mwili, mfano wa kamba inayoshikwa kwa nguvu huku ikivutwa. Nyuzi nyingi huchanika kidogo kidogo. Ndiyo sababu siku ya pili yake watu hushindwa kushuka ngazi. Basi ateremkaye vema hupiga hatua fupi za haraka, magoti yamekunjwa kidogo, wala hajirushi mbele kwa mapigo marefu.

Wakati huo jua nalo limepanda. Miezi ya Februari na Machi ni ya joto huko Moshi, na mkimbiaji aweza kutoka jasho la lita moja na zaidi kwa saa moja. Sharti anywe, lakini kwa kiasi. Zamani wakimbiaji wengi waliambiwa wanywe maji mengi iwezekanavyo. Sasa yajulikana kwamba maji yakizidi mno huizimua chumvi iliyo katika damu, na wako watu waliokufa kwa sababu hiyo. Mafundisho ya sasa ni mepesi: anywe mafunda machache akisikia kiu. Na mtu akiona kizunguzungu, au baridi katikati ya jua kali, asimame, atafute msaada. Hizo ni dalili kwamba joto limeushinda mwili.

7. MAUMIVU YA NAMNA MBILI

Kila akimbiaye kwa nguvu huona maumivu. Lakini maumivu ni ya namna mbili, na sharti mkimbiaji ajue kuyatenga.

Maumivu ya uchovu huenea mahali pengi: mapaja yote mawili, mashavu ya miguu, kifua. Huzidi mtu akienda upesi, na hupungua akipunguza mwendo. Hayo huvumiliwa. Maumivu ya kuumia hukaa mahali pamoja, kama ncha ya msumari. Huwa katika mguu mmoja, na huongezeka kwa kila hatua, hata mtu aende polepole. Hayo hayavumiliwi. Mtu akiyasikia, aache kukimbia.

Wengine watauliza habari za John Stephen Akhwari. Katika michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, Mtanzania huyo alianguka akaumia goti katika mbio za marathoni, wala hakuacha. Aliingia uwanjani mguu umefungwa kitambaa, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, akamaliza. Sifa yake ingalipo, na ni ya haki. Lakini yeye alikuwa ametumwa na nchi yake kwa mbio zile, na hakujua kama angezipata tena. Mbio za mji wa nyumbani huja kila mwaka. Mtu anayeuvunja mfupa wake ili asipitwe na jirani hakumwiga Akhwari. Amekuwa mtumwa wa kiburi tu. Mtu apate kujua lini ni ushujaa na lini ni upumbavu, ajiulize: ninavumilia kwa ajili ya nini?

8. MATUNDA YA KUJIZUIA

Mwezi wa Septemba mwaka 2025, huko Tokyo, Alphonce Simbu wa Tanzania alikimbia marathoni katika mashindano ya dunia. Kwa muda wa saa mbili alikaa kati ya wenzake, akitunza nguvu zake. Walipoingia uwanjani, Mjerumani Amanal Petros alikuwa mbele yake, na mwisho ulikuwa karibu kabisa. Ndipo Simbu alipotoa kile alichokiweka. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Lakini picha zilionyesha kwamba Simbu alitangulia kwa sehemu tatu katika mia za sekunde moja. Akawa Mtanzania wa kwanza kupata nishani ya dhahabu katika mashindano hayo.

Kufumba na kufumbua kwa jicho ni muda mrefu kuliko ule. Kama angalitupa pumzi chache bure katika kilometa za kwanza, ili watu wamwone yuko mbele, dhahabu ingalikwenda kwa mwingine.

Mkimbiaji wa Moshi hapati dhahabu ya dunia. Pengine hupata nishani ndogo wanayopewa wote wanaomaliza, na kuona kwamba mwaka huu amepunguza dakika mbili. Lakini kanuni ni ile ile. Kilometa alizozikimbia alfajiri, peke yake, pasipo mtu wa kumpigia makofi, ndizo akiba yake. Mbio ni siku ya kuitumia akiba hiyo. Na mwenye akiba kubwa, kuliko wote, yampasa ajue kuhesabu anapotoa. Jumatatu inayofuata hupumzika, na siku chache baadaye, miguu ikiisha kupoa, hutoka tena alfajiri, polepole.

MASWALI

1. Nusu ya marathoni ina urefu gani, na urefu wa marathoni kamili ulifanywa kuwa kanuni mwaka gani?

2. Katika juma la kilometa 160, kilometa ngapi zilikuwa za polepole? Kwa nini hazikuwa za haraka zote?

3. Taja mambo matatu yanayobadilika katika mwili wa mtu anayekimbia sana.

4. Eleza kwa nini moyo wenye nguvu waweza kumdanganya mkimbiaji.

5. Kwa nini mteremko huumiza misuli ya mapaja kuliko mwinuko?

6. Mtu ametaka kukimbia kila kilometa kwa dakika 5. Atamaliza nusu ya marathoni kwa muda gani?

7. Eleza maana ya methali hii: Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Toa mfano mmoja usio wa mbio.